Kosa la kufanana na baba: kwa nini Snape anamwandama Harry Potter

Waulize vijana wa Nairobi waliosoma hadithi za Harry Potter kwa nini mwalimu Severus Snape anamwonea Harry, nao watakujibu kabla hujamaliza kuuliza: alimpenda mamake. Ni kweli alimpenda. Lakini jibu hilo linaliacha swali pale pale lilipokuwa. Mtu aliyempenda mama, mama huyo akafa akiwa na miaka 21 na kuacha mtoto wa mwaka mmoja, tungetarajia amwonee mtoto huyo huruma. Snape anafanya kinyume. Kwa miaka sita darasani anamdhihaki, anampokonya alama na kumtukania marehemu babake, na wakati huo huo anajihatarisha kwa siri ili mtoto huyo asiuawe. Yote hayo yanatoka kwa mtu mmoja, na maelezo yanayogusa upande mmoja tu hayatoshi.

Nimelisikia swali hili likibishaniwa kuliko jingine lolote katika kikundi cha usomaji ninachoshiriki Jumamosi katika maktaba ya Kaloleni. Vitabu vyenyewe vimepita mikononi mwa wengi, vingine vilinunuliwa kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Wako wanaosema Snape ni shujaa na wako wanaosema ni mnyanyasaji wa watoto, na kila upande una kurasa zake za ushahidi. Wanabishana kwa uchungu, nami naelewa kwa nini: wengi wao wana mwalimu wao ambaye hawajui wamemkosea nini. Nitaueleza mkasa huu ninavyouona, na mwisho wa hadithi sitauficha, kwa sababu bila mwisho huo Snape haelezeki.

Tuanze na umri wake, maana filamu zimetupotosha hapo. Marehemu Alan Rickman, aliyemwigiza Snape, alizaliwa mwaka wa 1946, na filamu ya kwanza ilitoka Novemba 2001. Aliigiza vizuri mno, ila alituachia picha ya mtu wa makamo, mwenye baridi ya miaka mingi. Snape wa vitabuni alizaliwa Januari 1960. Harry anaingia shule ya uchawi ya Hogwarts Septemba 1991. Mwalimu huyo, basi, ana miaka 31. Hapa kwetu mwalimu wa miaka 31 ni kijana ambaye huenda bado anakatwa mkopo wa masomo wa HELB kwenye mshahara. Mambo yaliyomwumiza hayana muda mrefu: aliaibishwa mbele ya wenzake miaka kumi na mitano iliyopita, na mwanamke aliyempenda ameuawa miaka kumi tu iliyopita. Zaidi ya hayo, anafundisha katika shule ile ile alikoteswa akiwa mwanafunzi. Kila siku anapita kwenye ngazi zile zile na kula katika ukumbi ule ule. Hajawahi kupata mahali pa kwenda kupoa.

Sasa tazama anachokifanya siku ya kwanza ya somo la Dawa. Anaita rejista kwa sauti ya chini. Anapofika kwenye jina la Harry anatua, anamtaja kwa kejeli kuwa ndiye mtu mashuhuri wao mpya. Mtoto ana miaka kumi na mmoja. Amelelewa na mama mkubwa ambaye hakutaka asikie lolote la uchawi, na hadi mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa hakujua kwamba yeye ni mchawi. Bila onyo mwalimu anamrushia maswali: utapata nini ukichanganya mzizi huu na mmea ule, ukitumwa bezoa, jiwe la kutibu sumu, utaitafuta wapi, mmea huu na huu unatofautianaje. Harry hajui. Jirani yake Hermione amenyosha mkono hadi anasimama, lakini mwalimu hamtazami. Harry anapopendekeza kwa upole kwamba pengine Hermione aulizwe, bweni lake linakatwa alama kwa utovu wa adabu. Baadaye Neville Longbottom anaharibu dawa yake na kujiunguza, na alama nyingine inakatwa kwa Harry, eti hakumkanya mwenzake.

Alama zilizokatwa siku hiyo ni mbili tu, si nyingi. Kinachonigusa ni kwamba hukumu ilitangulia kosa. Mtoto hajasema neno, hajagusa sufuria, na tayari amepatikana na hatia. Alikosa lini? Mbona hata nafasi ya kukosa alikuwa hajaipata?

Kosa lilitendwa na babake. James Potter na Snape waliingia shule mwaka mmoja, na tangu ndani ya gari-moshi la siku ya kwanza hawakupatana. James alikuwa mtoto wa nyumba yenye nafasi, mchezaji hodari, mwenye marafiki na anayependwa. Snape alitoka mtaa wa viwanda wa watu wa hali ya chini, nyumba ya baba mkali na ugomvi usiokwisha, akivaa nguo zisizomwenea. Walipokuwa mwaka wa tano, baada ya karatasi moja ya mtihani, James na rafiki yake Sirius walimkuta Snape kando ya ziwa akiwa peke yake. Sirius alikuwa amechoka kukaa bure, na hiyo ilitosha kuwa sababu. Walimpokonya ufito wake, wakamning'iniza kichwa chini miguu juu, chupi zikaonekana, umati ukacheka. Lily, mamake Harry wa baadaye, alipomuuliza James huyu amekufanyia nini, James alijibu kwamba tatizo hasa ni kwamba yupo.

Jibu hilo ndilo ufunguo wangu wa hadithi nzima. Kuadhibiwa kwa sababu upo: hicho ndicho Snape alichofanyiwa akiwa na miaka kumi na sita, na hicho ndicho anachomfanyia mtoto wa James miaka kumi na mitano baadaye. Harry anafanana na babake kama shilingi kwa ya pili: nywele zile zile zisizolala, uso ule ule, miwani. Snape anapoinua macho kutoka kwenye rejista hamwoni mtoto wa kidato cha kwanza. Anamwona James amerudi darasani, tena safari hii ameketi na yeye ndiye aliyesimama.

Siku tulipofika hapo Jumamosi moja, msichana mmoja wa kikundi chetu alisema jambo ambalo limenikaa. Kaka yake alipitia shule anayosoma yeye sasa na aliacha sifa mbaya: kutoroka, kujibizana na walimu, mambo ya kidato cha tatu. Kila mwalimu mpya akifika jina la ukoo wao kwenye rejista anatua, anauliza, "Wewe na fulani ni ndugu?" Akijibu ndiyo, anaambiwa akae mbele. Hajafanya lolote. Mwalimu wa hesabu, alisema, humwita kwa jina la kaka yake hata leo, na si kwa kusahau. Yeye hakuhitaji kuelezwa Snape ni nani, na alikuwa wa kwanza katika kikundi kusema kwamba anayeadhibiwa darasani mara nyingi hata hayumo darasani.

Lakini kama ni James tu, hadithi ingekuwa nyepesi. Chuki ya utotoni hufifia adui akishakufa. Iliyobaki na kuchacha ni hatia, nayo inahusu Lily.

Snape na Lily walikuwa marafiki kabla ya Hogwarts. Snape ndiye aliyemweleza Lily kwamba ana kipawa cha uchawi wakati wazazi wake hawakuelewa kinachomtokea. Siku ile ya ziwani, Lily alipojitokeza kumtetea, Snape aliyejaa aibu alimgeuzia yeye hasira na kumtukana kwa asili yake, tusi la kwamba damu yake ni chafu. Aliomba msamaha usiku huo huo, hakusamehewa. Urafiki ukafa. Akaendelea na kundi lililomfuata Voldemort, mchawi mwovu aliyeogopwa na wote, na siku moja akasikia sehemu ya utabiri kuhusu mtoto atakayezaliwa mwishoni mwa Julai na kumshinda bwana wake. Akakimbia kwenda kumwambia. Hakujua mtoto huyo ni nani. Voldemort alipoamua kwamba ni mtoto wa Lily, Snape alimwomba amwachilie mama. Kisha, kwa kutomwamini, akaenda kwa Dumbledore, mwalimu mkuu wa Hogwarts, akapiga magoti.

Dumbledore alimuuliza swali gumu: huyo mume na huyo mtoto, wao wafe tu, mradi wewe upate unachokitaka? Snape hakuwa amewawazia. Akaomba walindwe wote. Haikusaidia. Tarehe 31 Oktoba 1981 James na Lily waliuawa, na mtoto akabaki hai akiwa na kovu kwenye paji la uso. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Snape hana wa kumlaumu. Voldemort ameanguka, James amekufa, na njia iliyomleta muuaji mlangoni pa Lily inaanzia kinywani mwake mwenyewe.

Hapo ndipo mapenzi na ukatili vinapokutana. Dumbledore anamwambia kama alimpenda Lily, njia ya kwenda mbele iko wazi: amsaidie kumlinda mtoto wake. Snape anakubali, lakini anaweka sharti kwamba asiwahi kuambiwa mtu yeyote, hasa mtoto huyo. Kwa hiyo anamlinda Harry kama mtu anayelipa deni, na mwenye deni hampendi lazima yule anayemkumbusha. Harry akiwa hai darasani ni ushahidi unaotembea. Sura ni ya James, aliyemdhalilisha kisha akamwoa Lily. Macho ni ya Lily, ya kijani, na kila anayemjua mamake humwambia hivyo. Mtoto mmoja amebeba usoni aliyemchukia, na machoni aliyemsababishia kifo. Snape akimtazama sura anakasirika. Akimtazama macho anaumia. Hasira ni rahisi kuishi nayo kuliko uchungu wa namna hiyo, basi akachagua kutazama sura.

Naamini "akachagua" ndilo neno sahihi, na mwandishi wa vitabu ametupa ushahidi. Harry akiwa bado mgeni shuleni, Snape analalamika ofisini kwa Dumbledore kwamba mtoto ana majivuno kama babake, anavunja sheria, anafurahia umaarufu. Dumbledore hata hainui kichwa kutoka kwenye anachosoma. Anamjibu kwamba anaona anachotarajia kuona, na kwamba walimu wengine wamemwambia mtoto ni mnyenyekevu na anapendeka. Taarifa sahihi ilimfikia mapema. Hakuitaka.

Kikao hicho kinajibu pia hoja inayopendwa na mashabiki wa Snape, kwamba ukali wote ulikuwa maigizo. Wanasema Snape alikuwa jasusi. Voldemort angerudi, na watoto wa wafuasi wake, kina Draco Malfoy, walikuwa wameketi darasani humo wakitazama. Angeonekana anampenda Harry, angeuawa. Hoja ina uzito. Kuanzia kitabu cha nne, Voldemort anaporudi, jasusi kweli hawezi kumkumbatia Harry mbele ya watu. Lakini ofisini kwa Dumbledore hapakuwa na Malfoy. Walikuwa wawili, mlango umefungwa, na Dumbledore anaijua siri yote. Kama ni maigizo, pale ndipo mtu huvua vazi la jukwaani. Snape hakuvua. Aliongea kwa chuki ile ile. Isitoshe, jasusi anahitaji tu kuwa baridi. Hahitaji kubuni kila siku dhihaka mpya kuhusu baba aliyekufa.

Kuna pia wanaosema kwamba Snape alikuwa mkali kwa wote. Ni kweli hakuwa mpole. Katika kitabu cha tatu wanafunzi wanafundishwa kukabiliana na kiumbe kinachojigeuza kuwa kile unachokiogopa kuliko vyote, na mbele ya Neville kiumbe hicho kinakuwa Snape. Neville ni mtoto ambaye wazazi wake waliteswa na wafuasi wa Voldemort hadi akili zikaruka, na bado anachokiogopa zaidi ni mwalimu wa Dawa. Hermione naye, meno yake yaliporefushwa kwa uchawi, mwalimu aliyaona akasema haoni tofauti yoyote. Hata hivyo kuna tofauti. Neville anadharauliwa kwa kuharibu kazi, Hermione kwa kujua sana; dharau hiyo ni mbaya, ila imeshika jambo wanalolifanya. Harry hawezi kufanya lolote likamwondolea dharau. Akijua jibu ana kiburi, asipojua ni mzembe, akinyamaza anajificha.

Wapo wasomaji wanaokwenda mbali zaidi kuhusu Neville. Alizaliwa siku moja kabla ya Harry, utabiri ungeweza kumhusu yeye, na Voldemort angemchagua yeye Lily angekuwa hai. Eti ndiyo sababu Snape hamwezi. Ni wazo zuri na linanivutia, lakini vitabuni halimo, nami sitalitegemea.

Sehemu inayonisikitisha kuliko zote iko katika kitabu cha tano. Dumbledore anamwagiza Snape amfundishe Harry kufunga akili yake, ili Voldemort asiingie ndani yake. Somo lenyewe linamtaka mwalimu aingie kwenye kumbukumbu za mwanafunzi. Kwa hiyo Snape, kwa macho yake mwenyewe, anaona utoto wa Harry: akifukuzwa na mbwa hadi juu ya mti huku jamaa wakicheka, binamu akipewa vitu vipya yeye akitazama. Huyu si mtoto wa James aliyekulia raha. Huyu ni mtoto aliyekua kwa nguo za kurithi zisizomwenea, katika nyumba asiyotakiwa, akisubiri barua ya shule imtoe huko. Katika Hogwarts nzima hakuna mtoto aliyefanana na Severus mdogo kuliko yeye. Snape anaona, anauliza swali moja mbili kuhusu mbwa ni wa nani, na anaendelea kama kawaida.

Muda si mrefu mambo yanageuka. Kabla ya kila somo Snape alikuwa akitoa baadhi ya kumbukumbu zake na kuzihifadhi kwenye bakuli la mawe, ili Harry asije akaziona kwa bahati mbaya. Siku moja anaitwa nje, na Harry anachungulia. Anaona tukio la ziwani. Anamwona babake, aliyemwabudu bila kumjua, akimdhalilisha mtu kwa kujifurahisha. Na Harry hacheki. Anajua jinsi inavyokuwa kuzungukwa na watu wanaokucheka, na anatoka pale akiwa amekufa moyo juu ya babake mwenyewe. Hata anahatarisha kufukuzwa shule ili apate kuwauliza marafiki wa babake kama kweli James alikuwa hivyo. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliona kumbukumbu moja ya Snape akamhurumia. Mtu mzima aliona kumbukumbu nyingi za Harry na hakubadilika.

Snape alipomkuta pale alimtupa nje, akamrushia chupa, akasimamisha masomo. Ukali huo ulikuwa na gharama inayohesabika. Harry hakujifunza kufunga akili, Voldemort akamwonyesha maono ya uongo, Harry akaenda London kumwokoa Sirius, na Sirius akafia huko. Si kosa la Snape peke yake. Harry hakufanya mazoezi, na Dumbledore alificha mengi. Lakini somo lililohitajika kuokoa maisha lilikabidhiwa watu wawili wasioweza kukaa chumba kimoja.

Tena Harry hakuwa mgumu wa kufundishika na Snape. Mwaka unaofuata Dawa zinafundishwa na mwalimu mwingine, na Harry anaazimwa kitabu chakavu kilichojaa maandishi pembezoni: ponda badala ya kukata, koroga hivi mara moja upande wa pili. Anafuata, na ghafla yeye ndiye bora darasani. Mwalimu mpya anamsifu kwamba amerithi kipawa cha mamake. Ukweli ni kwamba kitabu kilikuwa cha Snape alipokuwa mwanafunzi, na Harry hajui. Rafiki yake Ron anapokunywa sumu, Harry anamsukumia bezoa kooni, lile jiwe la tumboni mwa mbuzi, kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi hayo. Ujuzi ni ule ule, mwalimu ni yule yule, mwanafunzi ni yule yule. Kilichoondolewa ni uso, na elimu ikapita bila kizuizi. Sijui ushahidi mwingine katika hadithi unaoonyesha waziwazi hivyo kile ambacho mtoto hupoteza mwalimu akimchukia.

Mwaka huo huo Harry anatenda kosa la kweli. Anamrushia Draco uchawi alioukuta kwenye kitabu kile bila kujua unafanya nini, na Draco anakaribia kufa kwa kuvuja damu. Hapo adhabu ilistahili. Lakini angalia aliyopewa. Kila Jumamosi anaketi ofisini kwa Snape akinakili upya kadi za zamani za adhabu zilizofifia au kuliwa na panya. Kadi gani? Masanduku yenye makosa ya James Potter na Sirius Black. Anaandika kwa mkono wake jinsi babake na Sirius walivyomrogea mwenzao hadi kichwa kikavimba mara mbili. James amekufa miaka kumi na mitano. Sirius hana hata mwaka. Snape alipata kwa mara ya kwanza kosa ambalo ni la Harry mwenyewe, na bado akamwadhibu kwa la babake.

Kuna mtu mmoja ambaye katika ubishi wetu husahaulika: mwalimu mkuu. Dumbledore alijua chuki ilikotoka, alijua haina msingi, alisema hivyo, kisha akaendelea kusoma jarida lake. Alimhitaji Snape kama jasusi na akaona bei hiyo inalipika, kwa sababu hakuwa yeye anayeilipa. Mimi humlaumu Dumbledore kuliko vijana wangu wanavyomlaumu. Snape ni mgonjwa wa jeraha lake. Dumbledore ni mzima na ana mamlaka.

Nalisema hili nikijua ninakoishi. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko na dhidi ya kutendewa kwa ukatili au kudhalilishwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakwenda mbele zaidi: kifungu cha 36 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kupewa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Hiyo ya akili ndiyo inayomhusu Snape. Darasani mwake hakuinua kiboko. Silaha yake ilikuwa ulimi. Kwa kipimo cha sheria hiyo angeitwa kujibu, na mwalimu mkuu wake angeulizwa alikuwa wapi. Lakini nje ya sheria bado tunasikia watu wazima wakisema, kwa fahari kabisa, kwamba mwalimu aliyewatesa aliwapenda ndiyo maana akawatengeneza. Vijana wanaousikia usemi huo nyumbani wanakuja nao kwenye vitabu, wakimaliza sura ya 33 ya kitabu cha saba, ile inayofunua siri zote, wanasema: kumbe alikuwa anampenda Harry.

Hakuwa anampenda. Sura hiyo hiyo inasema. Dumbledore anapomwambia kwamba mwishoni Harry itambidi afe, Snape anashtuka, anamlaumu kwamba amemfuga kijana kama nguruwe wa kuchinjwa. Dumbledore anamuuliza kama ameanza kumjali. Snape anajibu kwa kumwita paa jike wa fedha, mlinzi wake wa kichawi, ambaye ni sawa na wa Lily. Maana yake ni wazi: ni kwa ajili ya Lily, si ya kijana. Alimlinda Harry miaka yote bila kumpenda, na pengine huo ni ushujaa mkubwa zaidi kuliko kumlinda unayempenda. Lakini mtoto aliyekuwa akitetemeka nje ya darasa la Dawa hakuona ushujaa. Aliona alichoonyeshwa.

Harry mwenyewe alipoyajua yote, hakuyachanganya. Katika kurasa za mwisho ana miaka 37, anamsindikiza mwanawe wa pili aliyempa jina Albus Severus, naye mtoto anaogopa asije akapangwa katika bweni la Slytherin. Harry anachuchumaa na kumwambia kwamba alipewa majina ya walimu wakuu wawili wa Hogwarts, Albus Dumbledore na Snape mwenyewe, na mmoja wao alikuwa wa Slytherin na huenda ndiye mtu jasiri kuliko wote aliowahi kuwajua. Alimsifu kwa ujasiri. Kuhusu jinsi mtu huyo alivyofundisha, hakumwambia mwanawe lolote.